Je, Pesa Ndizo Zilizoiua Hamu Yangu ya Kuchora?

"Mwalimu, assalaam aleikum. Mimi ni mchoraji wa hapa Mombasa, mwanamke wa miaka 33, nakaa Kibokoni, Mji wa Kale. Nilianza kuchora nikiwa mdogo, kwa vipande vya makaa, kwenye ukuta wa uani kwa nyanya yangu, ambaye alikuwa akidarizi kofia na kuziuza. Kila jioni aliniuliza, 'Leo umeona nini?' Sasa ni mwaka wa saba naishi kwa brashi. Duka moja la vitu vya watalii hunipa oda za majahazi jua likitua, saizi ile ile, rangi zile zile, na mwezi ukiwa mzuri hunichukulia picha 12. Namshukuru Mungu, nalisha nyumba. Lakini kuna kanvasi kubwa niliyoinunua kwa ajili ya picha yangu mwenyewe, na huu ni mwezi wa nane imeelekea ukutani. Nikiishika, sioni la kuchora. Ami yangu anasema msanii wa kweli hafikirii pesa, ananitolea mfano wa Van Gogh. Rafiki yangu anasema hamu ikiisha basi kipaji hakikuwapo. Nyanya alifariki mwaka jana, na oda zikawa nyingi wakati ule ule, sikupata nafasi ya kutulia. Kofia aliyokuwa akiidarizi bado imo ndani ya mkebe wa biskuti, haijaisha. Swali langu: nilikuwa nachora kwa mapenzi ama kwa pesa? Je, pesa ndizo zilizoiua hamu yangu, na niache oda?"

Waaleikum salaam, binti yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu nyanya yako. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa kuwa swali uliloliandika mwishoni silo pekee lililomo. Umeuliza kama uache oda, na hilo ni swali la kazi na riziki ambalo tunaweza kulipima kwa utulivu. Lakini chini yake ipo hofu nyingine, nayo nadhani ndiyo inayokuelemea zaidi: kwamba huenda mapenzi yako ya kuchora hayakuwa ya kweli tangu mwanzo, na kwamba ile kanvasi iliyoelekea ukutani imekuja kukuumbua. Nitaanza na hofu hiyo, maana ukiliamua jambo la oda huku hofu ikikusukuma mgongoni, utaliamua vibaya.

Ami yako ana nia njema, lakini mfano aliokutolea hauthibitishi anachokisema. Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, alijitosa katika uchoraji mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, na akafariki mwaka 1890. Katika miaka hiyo kumi alitamani sana picha zake zinunuliwe. Ndugu yake Theo, aliyekuwa mfanyabiashara wa picha mjini Paris, alimtumia pesa za matumizi mwezi baada ya mwezi, naye Vincent akampelekea picha, akitumaini kwamba siku moja zitauzwa na fadhila ile italipika. Picha yake moja ya shamba la mizabibu iliuzwa Brussels mwaka 1890 kwa faranga 400. Barua alizomwandikia Theo, ambazo zimehifadhiwa hadi leo na idadi yake inazidi 600, zimejaa habari za gharama ya rangi na kanvasi, zikiwa bega kwa bega na habari za mashamba, miti na anga. Huyu hakuwa mtu asiyefikiria pesa. Alizifikiria mno, na bado akachora. Kisa chake kina jambo jingine ambalo nitalirudia baadaye, kwa sababu kwangu ndilo kubwa zaidi: upande wa pili wa zile barua palikuwa na mtu mmoja aliyezipokea picha na kuzitazama.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mifano. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya vibao vya mraba, kwa rangi za kung'aa za aina ile inayopakwa baiskeli. Alichora ili auze, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Alifariki mwaka 1972, kabla hata hajamaliza mwaka wa tano wa kazi hiyo, na bado mtindo wake ukawa mti wenye matawi yasiyohesabika, unaobeba jina lake hadi leo. Na nyumbani kwenu, nyanya yako alidarizi kofia akaziuza. Sidhani kama kuna mtu Kibokoni aliyewahi kumsimamisha akamuuliza kama anadarizi kwa mapenzi au kwa pesa, na kama angeulizwa, nadhani angeshangaa. Mikononi mwake mapenzi na riziki havikuwa wake wenza. Kwa hiyo swali lako la kwanza naliondoa jinsi lilivyoulizwa: ulichora kwa mapenzi, ukachora kwa pesa, ukachora pia kwa sababu mtu alikuwa akikungoja jioni, na sababu hizi zote zilikaa pamoja bila kugombana.

Kuhusu neno la rafiki yako, nitalipita haraka kwa kuwa halina msingi. Rosemary Karuga alisomea sanaa Makerere katika miaka ya 1950, akarudi Kenya akawa mwalimu wa shule, na miaka mingi ikapita sanaa yake ikiwa kando. Aliirudia uzeeni, baada ya kustaafu, katika miaka ya 1980. Kwa kuwa hakuwa na rangi, alikata vipande vya karatasi za kufungia sabuni na vya pakiti za unga, akavibandika hadi vikawa wanyama na watu wa kijijini, na leo anatajwa miongoni mwa wasanii wakuu wa nchi hii. Miongo ya ukimya haikuwa ushahidi kwamba kipaji hakikuwapo. Kwako ni miezi minane.

Sasa tuje kwenye pesa yenyewe, maana ndani ya malalamiko yako upo ukweli ambao sitaki kuufunika. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza la watoto liliahidiwa cheti kizuri chenye utepe kama wangechora. Kundi la pili lilichora bila ahadi yoyote, na baada ya kumaliza likapewa cheti kile kile kwa kushtukizwa. Kundi la tatu halikuahidiwa kitu wala kupewa. Baadaye, kalamu ziliwekwa tena darasani wakati wa mchezo huru, na watafiti wakapima muda ambao kila mtoto alizishika kwa hiari yake. Wale walioahidiwa cheti walitumia karibu asilimia 9 tu ya muda wao kuchora, na wengine wote karibu mara mbili yake, asilimia 17 hadi 18.

Wengi wanaousimulia utafiti huu huishia hapo, kisha husema kwamba malipo huua mapenzi. Lakini litazame tena lile kundi la pili. Lilipata cheti kile kile, chenye utepe ule ule, na mapenzi yake hayakupungua. Kwa hiyo zawadi peke yake haikuwa na sumu. Kilichofanya kazi ni ile ahadi iliyotangulia mbele ya kalamu, ambayo ilimpa mtoto jibu jipya la swali "kwa nini nachora?", na lile jibu la zamani likasahaulika kwa kukosa kutumiwa. Cheti kilipoondoka, hakikumwachia sababu.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, mwanasaikolojia Teresa Amabile na wenzake waliligeukia suala hili kwa watu wazima. Waliwaomba wachoraji na wachongaji 23, kila mmoja atoe kazi zake kumi za oda na kumi alizojifanyia mwenyewe, kisha jopo la wajuzi ambao hawakujua ipi ni ya oda na ipi si ya oda likazipima. Kwa ufundi wa mkono hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa ubunifu, kazi za oda zilishuka. Naomba ulizingatie lile la ufundi, kwa sababu linaeleza kwa nini duka lako limeridhika ilhali wewe huna raha: jahazi lako la mwaka wa saba limechorwa vizuri kuliko la mwaka wa kwanza, na hakuna anayeona kilichopungua ila wewe. Wasanii hao walipoeleza kila oda iliwabana kwa kiasi gani, ilionekana kwamba tatizo lilikuwa zito pale mteja alipokuwa amekwisha kuamua kila kitu, na kwamba oda iliyompa msanii nafasi ya kupumua ilikuwa na sura nyingine kabisa. Kubanwa, basi, ndiko nilikotaka tukufikie.

Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wawili waliolichunguza jambo la ari kwa miongo mingi, wanaeleza kwamba ari inayotoka ndani ya mtu hutegemea mahitaji matatu. Mimi ninapofundisha huyaita mafiga matatu, kwa kuwa sote tunajua kwamba figa moja haliinjiki chungu. La kwanza ni hiari, yaani mtu kuhisi kwamba anachokifanya amekichagua mwenyewe. La pili ni uwezo unaokua, yaani kuona kwamba leo anaweza asichokiweza jana. La tatu ni kuunganika na watu, yaani kuhisi kwamba yupo anayejali kinachotoka mikononi mwake. Pesa haimo katika hayo matatu, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu ina kazi nyingine: inalisha nyumba. Inaweza kukaa kando ya mafiga bila kuyagusa, na inaweza pia kuja na mtu anayeyang'oa.

Sasa tuyatazame mafiga yako. Hiari imebaki kidogo sana, maana saizi imeamuliwa, rangi zimeamuliwa, hata jua limeamriwa litue pale pale. Uwezo umesimama mahali pamoja: mkono wako umelijua jahazi kiasi kwamba unaweza kulichora huku akili ikiwa sokoni Kongowea, na kazi isiyomuuliza mtu chochote humchosha kuliko kazi ngumu, ingawa mwili hautoki jasho. Haya mawili umeyataja mwenyewe. La tatu umelitaja pia, lakini kwa sentensi moja uliyoipitisha haraka kama mtu anayepita mbele ya chumba chenye mgonjwa.

Umesema kwamba nyanya yako alikuuliza kila jioni, "Leo umeona nini?" Hakukuuliza umechora nini, wala umeuza ngapi. Mtoto anayeulizwa hivyo kila siku hujifunza kutembea akiwa na macho wazi, kwa sababu anajua kwamba jioni atadaiwa alichokiona. Unapita Mji wa Kale, unaona nakshi za mlango zilizoliwa na chumvi, unaona wavuvi wakipandisha tanga, unayahifadhi, na kuchora kunakuwa njia ya kulilipa deni lile tamu. Nadhani uliendelea kumjibu hata ulipokuwa mtu mzima mwenye oda zako. Kisha, katika mwaka mmoja, mwulizaji aliondoka na oda zikaongezeka, na kwa kuwa mambo hayo mawili yalikuja kwa pamoja, umelibebesha lawama lile unaloweza kulilaumu bila uchungu. Pesa zina makosa yao katika jambo hili, nami nimeyataja. Lakini ninavyoisoma barua yako, hamu yako haikuuawa na duka. Ilibaki bila mtu wa kuiuliza, nawe hukupata hata siku chache za kukaa na hilo.

Niliwahi kuacha kuchora kwa karibu miaka miwili baada ya kufiwa na baba yangu, na wakati ule nililaumu kila kitu kuanzia kazi ya ualimu hadi joto la chumba nilichokuwa nikifanyia kazi. Baba hakuwa mtu wa sanaa, lakini alikuwa na desturi ya kusimama nyuma yangu kimya kwa dakika chache kabla hajakwenda kulala. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba nilikuwa nikichora nikiwa nimempa mgongo mtu fulani, na kwamba sasa nyuma yangu palikuwa patupu. Nakusimulia hili kwa sababu wewe unaweza kulitambua mapema kuliko mimi.

Lipo jambo jingine linalokukwamisha, nalo ni dhana kwamba hamu hutangulia na mkono hufuata. Umekuwa ukiishika kanvasi na kuingoja hamu ije, na isipokuja unairudisha. Lakini Jacob Getzels na Mihaly Csikszentmihalyi, waliowachunguza wanafunzi 31 wa chuo cha sanaa cha Chicago na kuchapisha matokeo yao mwaka 1976, waliona jambo tofauti. Waliwawekea vitu 27 mezani, wakawaambia wachague wavitakavyo, wavipange na wavichore. Baadhi walichukua vitu vichache, wakavipanga upesi na kuanza kuchora kile walichokwisha kukiamua. Wengine walivishika vingi, wakavigeuza, wakavibadilisha, wakaanza na kufuta, na picha yao ikajulikana ni picha ya nini karibu na mwisho. Picha za hawa wa pili ndizo zilizohesabiwa kuwa na uasili zaidi. Walikuwa hawajui wanachokitafuta walipoanza; walikijua kwa kushikashika. Kwa hiyo kutoona la kuchora mbele ya kanvasi tupu si ugonjwa, ni mahali pa kawaida pa kuanzia, ila kanvasi kubwa nyeupe iliyonunuliwa kwa pesa ya taabu ni mahali pagumu mno pa kushikashika, kwa sababu kila kosa juu yake lina bei.

Ukipata asubuhi moja, nenda Fort Jesus, ambako kwako ni hatua chache tu. Ngome ile ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, na ndani yake umehifadhiwa ukuta wenye michoro ya meli na watu, iliyochorwa na mabaharia au askari wa Kireno karne ya 17, kwa rangi nyeusi na nyekundu. Hao walikuwa watu wa mabavu na sina la kuwasifu kwa yale waliyoutenda mji huu. Lakini kila ninaposimama mbele ya ukuta ule naona jambo ambalo ningependa nawe ulione: hakuna aliyewaagiza, hakuna aliyenunua, na waliyemkumbuka alikuwa ng'ambo ya bahari. Walichora meli, kitu kile kile unachokichora wewe. Tazama jinsi meli inavyochorwa na mtu ambaye ndani ya meli ile mna kitu chake.

Sasa oda. Ukiziacha zote leo, nyumba itakaa bila chakula, na hofu ya kodi itakuja kukaa juu ya ile kanvasi yako badala ya duka. Nimewaona wachoraji walioacha kazi ya kuwalisha ili wawe huru, na kila picha waliyoianza ikalazimika kuwa bora kiasi cha kuhalalisha uamuzi ule. Hicho ni kibano kikali kuliko cha mwenye duka yeyote. Kwa hiyo sikushauri. Ukiendelea vilevile bila kubadilisha chochote, nako hutabaki ulipo, kwa maana uchovu wa aina hii huongezeka, na mwishowe hata jahazi la oda litaanza kukushinda. Njia iliyo kati ya hizo mbili haina utukufu wowote, lakini ndiyo ninayoiona kuwa ya kweli: pandisha bei kidogo na upunguze idadi, tuseme kutoka picha 12 hadi 9, na katika hizo omba uachiwe moja au mbili ambazo utaamua mwenyewe saa ya siku, hali ya bahari na aina ya chombo. Bahari ya kusi haina rangi ya bahari ya kaskazi, na mgeni aliyekuja Julai huenda akafurahi kuiona ile aliyoiona yeye. Mwenye duka anaweza kukataa. Akikataa, hutakuwa umepoteza kitu, na utakuwa umejua kwamba inafaa uanze kutafuta mteja wa pili kabla ya kumwacha wa kwanza. Wakati mzuri wa kuyafanya mazungumzo haya ni sasa, kabla ya miezi ya masika, Aprili hadi Juni, ambapo watalii hupungua na kila mfanyabiashara hushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Ile kanvasi kubwa iondoe mbele ya macho kwa muda. Mpe mtu akuwekee. Badala yake nunua daftari dogo la karatasi nzito na urudi kwenye makaa, ambayo ndiyo mkono wako ulianza nayo. Dakika 20 kwa siku zinatosha, saa ile ile kila siku, kabla brashi ya oda haijalowa, kwa muda wa wiki sita. Usiuze ukurasa wowote wa daftari hilo na usiupige picha kwa simu. Nasisitiza hili la simu, kwa sababu alama za kupendwa mtandaoni ni cheti chenye utepe, tena kilichoahidiwa mapema, na baada ya siku chache utajikuta unachora kile kinachopendwa. Uache mchoro kila siku ukiwa bado unatamani kuongeza mstari mmoja, ili kesho ukute pa kuingilia. Siku ambazo hutaona chochote, na zitakuwapo, chora kilicho mbele yako: kikombe, ndara, kivuli cha dirisha.

Nimeifikiria sana ile kofia iliyomo ndani ya mkebe wa biskuti. Sikuagizi uichore, maana nikikuagiza nitakuwa nimekuongezea oda nyingine, na huenda bado ni mapema kuifungua. Nakueleza tu kwamba nilipofika kwenye sentensi ile nilisita, na nadhani hata wewe ulisita ulipoiandika.

Na utafute jicho la kukutazamia, kama Theo alivyokuwa kwa Vincent. Mmoja au wawili wanatosha: mchoraji mwenzako, fundi wa kuchonga milango, au khaloo yako anayekaa barazani na hajui lolote kuhusu sanaa. Usimuulize kama mchoro ni mzuri, kwa kuwa sifa nazo hubana. Mwonyeshe daftari mara moja kwa wiki na umwombe akuambie anaona nini. Hatakuwa nyanya yako, na siku za mwanzo utaliona pengo zaidi kuliko utakavyomwona yeye. Vumilia. Nawe pia uwe jicho la mtu mwingine, hasa mtoto, ikiwa yupo nyumbani anayechafua kuta.

Sitakuficha uwezekano mwingine. Baada ya wiki sita unaweza kugundua kwamba huna picha yoyote unayoitaka mbali na majahazi, na kwamba unachokihitaji ni mapumziko tu na bei bora. Hilo likitokea, si msiba wala aibu. Wapo mafundi wa heshima ambao maisha yao yote walifanya kitu kimoja kwa uaminifu, na mji huu umejengwa na mikono yao.

Mwisho, kuna jambo ambalo barua haiwezi kulipima na linahitaji mtu aliye mbele yako. Umenieleza kwamba hamu ya kuchora imekwisha, lakini hukunieleza kuhusu mambo mengine. Jiulize kama bado unafurahia chakula, mazungumzo, harusi, sauti za watoto. Kama bado unayafurahia, basi huenda tunashughulika na uchovu na huzuni, na haya niliyokueleza yatakusaidia. Lakini kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, umekuwa na moyo mzito au hakuna lolote linalokupa raha, na pamoja na hayo usingizi umeharibika, chakula hakipiti, mwili hauna nguvu au unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo ni maradhi yenye matibabu, wala haiondolewi kwa daftari na makaa. Nenda ukamwone daktari. Hospitali kuu ya rufaa pale Makadara, Coast General, itakupokea na kukuelekeza, na hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Mwombe pia akupime damu, kwa sababu upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya shingo humwondolea mtu nguvu na hamu kwa namna inayofanana sana na huzuni, na wanawake wengi huvumilia hali hiyo kwa miaka wakidhani ni tabia yao. Na ikiwa imekujia fikra ya kutotaka kuishi, hata mara moja, usingoje miadi: mwambie mtu wa nyumbani leo hii, na mwende pamoja.

Ukimkuta daktari ana haraka, usianze na habari za kanvasi. Mwambie tangu lini, mara ngapi kwa wiki, unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi, na kwamba mwaka jana ulifiwa na nyanya yako.